Tairi jipya likigusa madigadi: pa kuanzia kwenye trekta dogo

Ukitoa tairi la nyuma la 8.3-24 (upana wa inchi 8.3, rimu ya inchi 24) ukaweka 9.5-24, kwa macho unaona tairi limekua kidogo tu. Ukipima, limenenepa takriban milimita 30, yaani 15 kila ubavu, na kipenyo kimeongezeka karibu milimita 50, kwa hiyo kashata (meno ya tairi) zimesogelea madigadi kwa milimita 25 hivi. Kwenye trekta la nguvu za farasi 20 hadi 30, mara nyingi hiyo ndiyo nafasi yote iliyokuwepo. Usishike grainda kukata madigadi bado.

Jaza upepo kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta, teremsha tairi chini, ndipo upime. Tairi lililoning'inia kwenye jeki linadanganya. Likibeba uzito, ubavu hufutuka sehemu ya chini, karibu na mikono ya kunyanyulia jembe, na hapo ndipo wengi hawaangalii. Kama unaweka maji ndani ya tairi kuongeza uzito, weka kwanza, pima baadaye.

Kujua linagusa wapi, paka chaki kwenye bega la ndani la tairi, mzunguko mzima. Endesha polepole, kata kona kushoto na kulia, kisha simama ukague. Chaki ikifutika mzunguko wote, nafasi kweli haitoshi. Ikifutika sehemu moja tu, tatizo si saizi: rimu imepinda, au tairi halijakaa vizuri kwenye rimu. Tazama ule mstari mwembamba wa mpira ulio juu kidogo ya ukingo wa rimu. Umbali wake na rimu uwe sawa pande zote. Usipokuwa sawa, toa upepo, lainisha ukingo kwa maji ya sabuni, ujaze upya bila kuzidisha kiwango kilichoandikwa kwenye ubavu.

Mbele kuna mtego mwingine. Ekseli ya mbele hucheza katikati, hivyo kwenye sakafu ya gereji hakuna kinachogusa, halafu trekta likivuka mfereji tairi linasaga bampa au fremu ya kijiko. Kwa hiyo weka kabari magurudumu ya nyuma, inua ncha moja ya ekseli kwa jeki mpaka ifike kikomo chake, kisha zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Rudia ncha ya pili. Likigusa, tafuta bolti za kikomo cha usukani karibu na habu na uzifungue nusu mzunguko kwa zamu, kushoto sawa na kulia. Trekta litahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka. Hiyo ndiyo gharama yake, na ni ndogo.

Nyuma, dawa ya bei rahisi ni kubadilishana magurudumu. Rimu nyingi zimebonyea upande mmoja. Gurudumu la kushoto lipeleke kulia bila kuligeuza, la kulia lije kushoto: bonde la rimu linaangalia upande mwingine, upana kati ya magurudumu unaongezeka, na mshale wa mwelekeo unabaki sahihi. Ukiligeuza palepale lilipo, meno yatakuwa kinyume na trekta litateleza kwenye tope. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba, yaani moja kisha inayoikabili, na uzikaze tena baada ya saa ya kwanza ya kazi. Spesa, kipande kinachowekwa kati ya rimu na habu, ni hatua inayofuata, lakini huongeza mzigo kwenye beringi, kwa hiyo usipandanishe mbili. Minyororo inayozuia mikono isiyumbe nayo irekebishe, maana jembe likisukumwa pembeni mkono ndio unaochana tairi. Madigadi unaweza kuyainua kwa washa nene. Nguzo ya kinga ya dereva usiikate wala kuitoboa kamwe.

Nafasi ya milimita 25 kati ya tairi na madigadi inatosha kwenye udongo mkavu. Kwenye majaruba ya mpunga, kama Mwea nchini Kenya, acha 50 au zaidi, kwa sababu udongo mweusi unajikandika ndani ya madigadi na kuwa breki.

Kama trekta linasukuma kwa magurudumu yote manne, bado kuna hesabu. Weka alama kwenye tairi za mbele na nyuma. Nyuma ikizunguka mara 10, hesabu mizunguko ya mbele, kwanza gia ya mbele ikiwa imetolewa, kisha ikiwa imeingizwa. Tuseme kabla ulipata 15.5 na 16: mbele inaongoza kwa asilimia 3 hivi, na inatakiwa iwe kati ya 1 na 5. Ukikuza nyuma peke yake kwa asilimia 5, ile 15.5 inakuwa karibu 16.3, lakini 16 haibadiliki kwa sababu imefungwa na gia. Mbele sasa inaburutwa: tairi zinaisha haraka na gia zinakazana, hasa kwenye barabara ngumu. Tafuta tairi za mbele zenye mzingo mkubwa kwa kiasi hichohicho, kisha rudia kile kipimo cha jeki na usukani kabla hujaingia shambani.