Gari inachemsha baada ya kubadilisha themostati

Kaka, geji ya joto inapanda ukipandisha mlima kuelekea Marangu, halafu hita inapuliza baridi? Kuna hewa imenaswa ndani ya njia za maji ya kupoza injini. Pampu inasukuma maji, hewa haiiwezi. Na themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) ikizungukwa na hewa inachelewa kufunguka, ingawa themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88.

Injini ipoe kabisa kwanza, mfuniko wa rejeta haufunguliwi ikiwa ya moto. Paki pua ikiangalia juu ya mlima, hita weka moto wa mwisho. Changanya kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji ya betri nusu kwa nusu (yale masafi, si asidi!), mimina polepole. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa karibu na themostati, ilegeze mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha kaza. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, minyaminya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, ongeza kadiri yanavyoshuka. Mpira wa chini ukishapata moto, hita ikapuliza moto na feni ya umeme ikawaka na kuzima mara mbili, funga mfuniko. Kesho yake asubuhi cheki tena usawa, hushuka kidogo.

Mfuniko uliochoka ubadilishe tu. Arusha maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko; presha ya mfuniko ndiyo inayokupa nafasi kabla hayajachemka.

Mapovu yasipokwisha kabisa, acha kutoa hewa. Mpe fundi apime gasketi ya silinda hedi, huenda ndiyo inayovujisha.