Njia ya baiskeli milimani bila malori

Ndugu, kwa safari ya siku kadhaa milimani bila kusukumwa na malori, nenda Rwanda ukapite Congo Nile Trail: kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, Rubavu hadi Rusizi. Kusini utaingia kwenye lami mara kwa mara, kwa hiyo kama siku ni chache chukua Rubavu, Kinunu, Karongi. Hapo ni vumbi, mibuni na migomba, pikipiki mojamoja, na watoto wanaokimbia nawe mlimani. Vilima usividharau hata kidogo! Ukimaliza kushuka unaanza kupanda. Funga gia nyepesi kabisa, tairi pana, breki mpya. Mvua za Machi hadi Mei ziepuke, tope hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma.