Wote Wanataka Usiku wa Mwezi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nachora hina na piko, ile rangi nyeusi, nyumbani, Ngamiani, Tanga. Kila Ramadhani ikiisha nagombana na watu. Nawaambia waje baada ya futari, wanajaa wote kwa mpigo, na watoto juu. Mwezi ukiandama baada ya funga ya 29, simu hazikatiki mpaka usiku wa manane. Usipoandama, niliowapanga hawaji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo “baada ya futari” ifute leo. Kuna anayefungua kwa tende akaondoka, kuna asiyetoka mpaka tarawehe iishe. Mpe mtu saa yake.

Lakini kinachokuponza hasa ni kuwapanga wa hina na wa piko pamoja. Hina ya majani ukiibandua ni rangi ya chungwa, inakolea kesho yake au keshokutwa. Anayepakwa usiku wa mwezi ataswali Idd viganja havijaiva! Wa hina wape mwezi 27 na 28, uwaeleze na sababu. Hata tukifunga 30, hina yao haitakuwa imefifia. Watoto wote watie humo, usiwapake piko: piko nyingi ni dawa ya kutia nywele weusi, na kuna ngozi zinazotoka malengelenge.

Usiku wa mwezi wabaki wa piko tu, maana yenyewe inashika papo hapo. Nilikuwa katibu muhtasi miaka mingi, na miadi iliyotegemea neno la mtu mwingine niliiandika kwa penseli. Miadi yako inategemea mwezi, kwa hiyo kila mmoja mpe saa yake na siku mbili: mathalani saa tatu usiku baada ya funga ya 29, na mwezi usipoonekana, saa ile ile kesho yake. Muulize mapema pia anafuata tangazo la Mufti au la Saudia. Hapa Tanga unazijua nyumba zinazoswali Idd siku mbili.

Halafu pesa. Nusu itangulie kwa simu, bila hiyo jina haliingii daftarini. Akichelewa robo saa, anayefuata akae.

Mawifi nao watangulize. Najua utaogopa kuwaambia, sema ni Shangazi wa gazetini kasema.