Maswali na majibu: Intaneti haina kosa, angalia waya wako

Nina steshenari Mwanjelwa, kompyuta sita. Intaneti nimelipia ya kasi, ila kuhamisha faili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ni mateso. Nihame kampuni?

Kampuni imekukosea nini? Faili hilo halitoki nje ya mlango wako, linapita kwenye waya na swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta zako) ulizonunua mwenyewe. Weka iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta na kompyuta, kwenye kompyuta mbili. Ya kwanza andika `iperf3 -s`, iache isubiri. Ya pili andika `iperf3 -c 192.168.1.10`, namba hiyo ikiwa anwani ya ile ya kwanza. Baada ya sekunde 10 utapata jibu. Ikiwa karibu megabiti 940 kwa sekunde, gigabiti yako (megabiti 1000) ni nzima. Ikikwama 94, umeshuka hadi megabiti 100: ama swichi ni ya zamani, ama waya una hitilafu. Gigabiti inataka nyuzi zote 8, megabiti 100 inaridhika na 4. Kuna duka nililoitwa Kabwe, wamebadilisha ruta mara mbili. Nilipokata kichwa cha waya nikakuta uzi wa kahawia haujafika hata kwenye pini. Nyuzi saba zinafanya kazi, mwenye duka anatukana intaneti.

Na waya wa bei ya kutupa ukwangue kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini. Mrudishie muuzaji.

Programu ya kupima spidi kwenye simu si inatosha? (Makambako)

Haitoshi. Hiyo inapima safari yako mpaka seva ya huko nje, waifai ikiwemo.

iperf3 inagoma kuunganisha. (Iringa mjini)

Jamani, hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Ruhusu poti 5201, mlango ambao iperf3 hupitia, kwenye fayawoli (ukuta wa ulinzi) ya kompyuta inayosubiri. Poti hiyo tu! Wapo wanaozima fayawoli nzima "dakika moja tu", mwezi unaisha bado imezimwa. Hakikisha pia pande zote mbili ni iperf3. Iperf ya toleo la 2 haielewani nayo.

Nimepima 800, lakini kunakili faili kunaonyesha 95. Nani anadanganya? (Njombe)

Hakuna. Ile ni megabiti, hii ni megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawa 800 kwa 8.

Nikiweka `-u` napata 1 tu. Waya umekufa? (Mbalizi)

Hujaiambia iperf3 itume zaidi. Hiyo `-u` ni kupima kwa UDP, utumaji usiosubiri kuthibitishiwa kuwa data imefika, na hapo iperf3 isipopewa kiwango hutuma megabiti 1 kwa sekunde. Ongeza `-b 100M`, kisha tazama asilimia ya pakiti (vipande vya data) zilizopotea. Simu za intaneti zinazokatakata huumbuka hapo.

Tukuyu mvua ikinyesha waifai ya ndani inapungua. Nimepima, megabiti 40. Kweli ni mvua?

Umepima mara ngapi? Upande gani? Bila kuambiwa, iperf3 hutuma kutoka kwako kwenda seva, yaani ile kompyuta inayosubiri. Weka `-R` upime kurudi, na `-t 60` ili sekunde chache mbaya zisikudanganye. Pima siku ya jua, pima ya mvua, laptopu ikiwa mezani pale pale. Mvua husumbua dishi la setilaiti, si waifai kati ya sebule na chumba. Nadhani siku ya mvua nyote mko ndani, na watoto wako kwenye video. Radi ndiyo ya kuogopa: ikianza kunguruma, chomoa umeme wa swichi na waya wowote unaotoka nje. Tundu la swichi lililopigwa radi huweza kuwaka taa kama kawaida huku halipitishi kitu.