Maezato no nunchaku: kata ya kale au ya Taira?

SWALI: Shikamoo sensei. Nafanya karate, na sasa nimeanza silaha za Okinawa, kisiwa cha Japani. Nimefundishwa kata (mfuatano wa mbinu uliopangwa) ya Maezato no nunchaku, ya nunchaku, yaani vijiti viwili vilivyoungwa kwa kamba au mnyororo, kisha nikasikia aliyeitunga ni Taira Shinken, aliyefariki mwaka 1970. Mbona anasifiwa kuwa mhifadhi wa kata za kale? Niendelee nayo?

JIBU: Marahaba. Ulivyosikia ndivyo. Maezato ni jina la ukoo aliozaliwa nao Taira, kwa hiyo kata hiyo imebeba jina lake mwenyewe.

Tazama alikuta hali gani. Kata za silaha zilikaa vichwani mwa watu wachache, na majina yake yanakwambia zilikotoka: Sakugawa no kon ni fimbo ya Sakugawa, Chatan Yara no sai ni sai (chuma chenye ncha tatu) ya Yara wa Chatan, Hamahiga no tonfa, ya tonfa (fimbo fupi yenye mpini wa pembeni), ina jina la kisiwa cha Hamahiga. Mzee akifa hana mwanafunzi, kata inazikwa naye. Vita vya 1945 vikaja kuua makumi ya maelfu ya raia wa Okinawa. Taira, mzaliwa wa kisiwa cha Kumejima, alianza kujifunza silaha kwa mwalimu Yabiku Moden mwaka 1929, akaendelea kukusanya kata moja moja. Mwaka 1955 aliunda chama cha kuhifadhi na kuendeleza kobudo (sanaa ya silaha) ya Ryukyu, jina la kale la Okinawa. Aliacha kata zaidi ya 40, za silaha nane.

Sasa nunchaku. Fimbo ilikuwa na kata tele, lakini nunchaku haikurithiwa pamoja na kata za namna hiyo. Mbinu isiyo na kata kila mtu huizungusha apendavyo, na mjukuu wake haitambui tena. Taira akazifunga mbinu hizo ndani ya kata, na tekko (chuma cha kushika ngumini) nayo akaifanyia hivyo hivyo. Kwangu mimi huo ni uhifadhi kamili, maana bila kata hiyo wewe leo usingekuwa na cha kurithi.

Kwa hiyo endelea. Ifanye kwanza mikono mitupu, taratibu, mpaka miguu na kiuno vikae sawa, ndipo ushike nunchaku. Usiongeze mizunguko ya sinema. Muulize pia mwalimu wako kama aliipokea kupitia Akamine Eisuke au Inoue Motokatsu. Wote walikuwa wanafunzi wa Taira, na ukiona video inayotofautiana na ulichofundishwa, shika njia ya mwalimu wako, usichanganye.