Kuifuatilia dhoruba ya Atlantiki kabla haijafika: niliyojifunza pwani ya Galway

Kwa miaka tisa sasa ninaishi pwani ya magharibi ya Ayalandi, katika kaunti ya Galway, na kila mwaka kuanzia Oktoba hadi Machi jioni zangu nyingi huishia kwenye ramani za hali ya hewa. Hiyo si kazi yangu, kwani kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika makao ya kuwatunzia. Ni mapenzi niliyoyarithi kwa baba, mvuvi wa Pangani, ambaye hakuwahi kushusha chombo majini kabla ya kusimama ufukweni alfajiri akayatazama mawingu na kuusikiliza upepo. Yeye alikuwa na kusi na kaskazi, pepo zenye majira yake, lakini huku nilikohamia dhoruba inaweza kuzaliwa upande wa pili wa bahari Jumatano na kuezua paa lako Ijumaa. Ndugu kadhaa walioko Dublin, Belfast na Glasgow wameniuliza namna ya kuzifuatilia dhoruba hizi bila kuchanganyikiwa, nami nimeona ni heri niandike kwa kirefu, nikitumia mfano wa ile iliyonifundisha zaidi kuliko zote, dhoruba Éowyn ya tarehe 24 Januari 2025.

Kwanza ni lazima tutenganishe dhoruba hizi na vimbunga tunavyovijua kwetu. Kimbunga kama Hidaya, kilichoisogelea pwani ya Tanzania Mei 2024, hupata nguvu zake kutoka katika maji ya bahari yenye joto. Dhoruba ya Atlantiki ya majira ya baridi hupata nguvu kutokana na tofauti: hewa ya baridi kali inayoshuka kutoka Kanada na Marekani inapokutana na hewa ya vuguvugu inayopanda kutoka kusini. Juu ya mpaka huo, katika kimo cha kilomita tisa au kumi, hutiririka mto wa upepo wenye kasi kubwa sana, na kadiri tofauti ya joto inavyoongezeka ndivyo mto huo unavyozidi kwenda mbio. Kwa hiyo mimi sianzi kutazama Ayalandi, bali naanza na Marekani. Tarehe 21 Januari 2025 theluji nyingi ilianguka New Orleans, mji wa kusini kabisa ambao watu wake hawana hata majembe ya kuikokota, na nilipoziona picha zile nilijua kwamba hewa hiyo ya baridi ingeingia baharini wiki ile ile na kuuchochea mto wa upepo kuelekea kwetu. Siku hiyo hiyo dhoruba ilipewa jina.

Wataalamu huiita dhoruba kuwa ni ya mlipuko iwapo mgandamizo wa hewa katikati yake unashuka kwa hektopaskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 24 au zaidi ndani ya saa 24, kwa kipimo cha latitudo za huku kaskazini. Éowyn ilikipita kiwango hicho maradufu. Namba hiyo ya kushuka ndiyo ninayoitafuta kwanza kwenye utabiri, kabla hata sijatazama kasi ya upepo.

Sasa nifike kwenye modeli za kompyuta, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa ya siku zijazo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na mimi nimekosea kwa namna iliyomgharimu mtu mwingine. Majira fulani ya baridi, miaka michache kabla ya Éowyn, niliona kwenye modeli moja ramani ya kutisha ya siku sita mbele, yenye duara za mgandamizo zilizobanana juu ya Galway, ishara ya upepo mkali, nikaituma katika kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Ayalandi pamoja na maneno ya kuwahimiza watu wasisafiri. Dada mmoja aliyekuwa na tiketi ya kwenda Mombasa kwenye arobaini ya baba yake aliahirisha safari kwa sababu aliniamini. Siku ilipofika, dhoruba ilipita mbali kaskazini, karibu na Iceland, na huku kwetu kukawa na manyunyu tu. Nilimwomba radhi, naye alinisamehe kwa maneno mazuri, lakini arobaini ilikuwa imekwisha kusomwa bila yeye kuwapo, na hilo halirudi.

Tangu siku hiyo nimejiwekea masharti ambayo nawasihi wasomaji wayashike. Ramani moja ya modeli moja, ikiwa ni ya zaidi ya siku tatu mbele, siitumi kwa mtu yeyote asiyejua kuisoma. Badala yake natazama utabiri wa makundi. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, chenye ofisi zake Reading, nchini Uingereza, hufanya hesabu ile ile mara 51, vipimo vya kuanzia vikibadilishwa kidogo kidogo, ili kuona iwapo badiliko dogo la leo litazaa tofauti kubwa kesho kutwa. Iwapo hesabu hizo zimetawanyika, moja ikiipeleka dhoruba Iceland na nyingine Ufaransa, basi hakuna anayejua, hata kama ramani moja inapendeza kiasi gani kwa ubaya wake. Iwapo zimekusanyika, na modeli ya Marekani inayotoka mara nne kwa siku nayo inasema vivyo hivyo kwa siku mbili mfululizo, hapo ndipo ninapoanza kuongea. Kwa Éowyn zilikusanyika mapema mno, jambo ambalo silioni mara nyingi, na ndilo lililonitia hofu ya kweli.

Mapito ya dhoruba yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika nusu hii ya dunia upepo huuzunguka mgandamizo mdogo kinyume na mwendo wa mishale ya saa, na dhoruba yenyewe inakimbia kuelekea mashariki au kaskazini mashariki. Upande wake wa kusini, basi, upepo wa kuzunguka na mwendo wa dhoruba huenda pamoja na kuongezana, wakati upande wa kaskazini hupingana. Kitovu kikipita kidogo kaskazini magharibi ya pwani yetu, kama Éowyn ilivyofanya, tunapata upepo wote. Kikisogea kilomita mia mbili upande wowote, habari ni nyingine kabisa.

Kuhusu kasi, soma vipimo kwa makini. Kuna wastani wa upepo wa dakika kumi na kuna mivumo ya ghafla ya sekunde chache, na hivi ni vitu viwili. Kule Mace Head, pwani ya Galway, wastani ulifika kilomita 142 kwa saa, na mvumo mkubwa kabisa, uliopimwa saa kumi na moja alfajiri, ulifika takriban kilomita 183 kwa saa, ukavunja rekodi ya nchi iliyokuwa imesimama huko Foynes tangu 1945. Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake, bali kwa mraba wake, hivyo mvumo wa kilomita 183 husukuma ukuta kwa nguvu inayokaribia maradufu ya mvumo wa kilomita 130. Jihadhari vilevile na ramani zinazozunguka mitandaoni zikionyesha upepo wa mita 1,500 juu angani kana kwamba ndio utakaopiga madirisha, kwa maana anayezisambaza mara nyingi hajui alichobonyeza.

Zikibaki saa 24, naacha modeli na kwenda kwenye vipimo halisi. Magharibi ya Ayalandi yako maboya ya kupimia hali ya hewa, na lile la mbali zaidi, M6, limeegeshwa katika maji ya kina kirefu na hutoa taarifa kila saa. Nalinganisha mgandamizo uliopimwa pale na ule ambao utabiri ulisema utakuwapo saa hiyo. Kipimo kikiwa chini ya utabiri kwa hektopaskali kadhaa, dhoruba ina nguvu zaidi au iko karibu zaidi kuliko ilivyotangazwa. Watu wa huku wanaithamini kazi hii kwa sababu wanayo historia yake: mnamo Juni 1944 ni kipimo cha mgandamizo kilichosomwa na Maureen Flavin kwenye kituo cha Blacksod, kaunti ya Mayo, kilichoonyesha dhoruba inakuja na kuchangia majeshi ya washirika kuahirisha kutua Normandy kutoka tarehe 5 hadi tarehe 6. Alipigiwa simu kutoka Uingereza aulizwe kama ana hakika, akaenda akapima tena. Nilipoisoma habari hiyo nilinunua barometa yangu ya ukutani, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, na naipendekeza kwa kila nyumba iliyo pwani.

Barometa inafundisha jambo ambalo limewaponza wengi. Mara nyingi upepo mkali kabisa hauji mgandamizo ukiwa unashuka, bali unapoanza kupanda kwa kasi, kitovu kikiwa kimekwisha kupita. Mvua inakatika, anga linafunguka, mtu anadhani mambo yamekwisha, anatoka kwenda kutazama gari lake. Ikiwa sindano inapanda kwa haraka, kaa ndani. Alfajiri ile huko Donegal mtu mmoja aliuawa na mti ulioangukia gari lake barabarani, na hii ilikuwa baada ya tahadhari nyekundu kutolewa kwa nchi nzima. Tahadhari nyekundu ya Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ayalandi, maana yake ni kutotoka kabisa, na ujuzi wetu wa kusoma ramani hautupi ruhusa ya kuibishia.

Jambo la mwisho ni gumu kwa sisi wapenda dhoruba: kufika saa fulani lazima tufunge kompyuta. Jioni ya Alhamisi nilikaa kwenye skrini hadi saa nne usiku nikifuatilia setilaiti, nikiona wingu linavyojikunja kama ndoano, na muda huo nilipaswa kuwa najaza maji. Wateja 768,000 walikatikiwa na umeme, baadhi yao kwa zaidi ya wiki mbili, na vijijini kwetu maji hutoka kisimani kwa pampu ya umeme, kwa hiyo umeme ulipokwenda, maji nayo yalikwenda. Chaji simu, jaza ndoo na beseni, weka tochi mahali unapoweza kuifikia gizani, funga mapipa ya taka kwa kamba. Na nawasihi sana ndugu zangu ambao bado mna jiko la mkaa: msiliingize ndani umeme ukikatika. Nyumba za huku zimezibwa zisipitishe baridi, na moshi usioonekana wa mkaa huua watu wakiwa usingizini.

Daftari langu la usiku ule lina safu mbili, moja ya utabiri na moja ya yaliyotokea, kwa kila saa hadi saa tano asubuhi. Safu ya mgandamizo inakaribiana vizuri, na safu ya upepo inapishana kidogo kuanzia saa kumi alfajiri. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, nimeandika: maji hakuna, ndoo zijazwe kabla ya saa kumi na mbili jioni.