Redio mbili kwenye kasha moja

Modemu ikituma, Bluetooth inakatika

*Assalaam aleikum, mafundi. Naunda vifaa vya kufuatilia tuktuk. Ndani nimetia SIM800L, modemu ndogo ya 2G, ya kutuma mahali chombo kilipo, na ESP32, prosesa ndogo yenye Bluetooth, ambayo dereva huiunganisha na simu yake. Mezani kila kitu sawa. Nikishafunga kwenye chombo, modemu ikituma data tu Bluetooth inakatika, na mara nyingine ESP32 inajiwasha upya. Antena nimebadilisha mara tatu. (Fundi, Kongowea)*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Antena ziache kwanza, shika nyaya za umeme. Huko kujiwasha upya ndiko kunakotoa siri: mawimbi ya hewani kwa kawaida huharibu pakiti za data, ila prosesa inayozima na kuwaka imekosa volti.

SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4. Inapotuma kwa 2G huvuta umeme kwa mikupuo: kila mkupuo mikrosekunde 577, ukirudi kila milisekunde 4.6, na kilele chake kinaweza kufika ampea 2. Multimita haiwezi kuuona. Itakuonyesha volti 4 zimetulia, huku volti inazama na kupanda mara 217 kwa sekunde. Azima osiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyopanda na kushuka, uguse pini za moduli yenyewe, si pale umeme unapotoka. Ikishuka chini ya 3.4, umempata mwizi.

Dawa yake: kipunguza volti cha ampea 3, ukipime na kukiweka kwenye volti 4.0 kabla ya kuunganisha moduli. ESP32 ipe kipunguza chake cha volti 3.3, kikichukua umeme upande wa betri na wala si kutoka kwenye volti 4 za modemu, na nyaya za hasi zikutane mahali pamoja. Kwenye pini ya umeme ya modemu chomelea kapasita ya mikrofaradi 1000 yenye ukinzani mdogo wa ndani, na kando yake ndogo mbili za seramiki, nanofaradi 100 na pikofaradi 33. Waya uwe mnene, usizidi sentimita 5. Kapasita iliyofungwa mwisho wa waya mwembamba wa sentimita 20 ni pambo tu.

Kwa nini mezani ilikubali? Modemu hupandisha nguvu ya kutuma kadiri mnara unavyosikika kwa shida. Ikiwa ndani ya bodi la chuma la tuktuk, kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2.

Kujiwasha upya kukiisha na Bluetooth bado inakatika, hapo sasa njoo kwenye antena. Piga hesabu: 900 mara tatu ni 2700, na Bluetooth iko kati ya megahezi 2402 na 2480, kwa hiyo mwangwi wa masafa (mawimbi ya ziada yanayotokea kwenye vizidisho vya masafa ya modemu) hauiangukii. Kinachotokea ni kipokezi cha Bluetooth kuzibwa masikio na kelele ya jirani. Weka antena pembe mbili zinazokabiliana za kasha, moja imesimama, nyingine imelala. Ncha ya antena ya ESP32 itokeze nje ya ukingo wa bodi ya saketi, na milimita 15 kuizunguka pasiwe na shaba, betri wala waya. Kwenye programu, kusanya data uitume kwa pamoja kila sekunde 30 badala ya kudondoadondoa, na kama ni Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, muda wa kuhesabu muunganisho umekufa uongeze hadi sekunde 4. Pakiti zilizopotea zitarudiwa zenyewe.

Halafu kuna hii chumvi yetu ya bahari. Kiunganishi kidogo cha antena kikishaota kutu ya kijani usikikwangue, badilisha.

Kwa waya inakimbia, kwa Wi-Fi inakwama

*Ruta yangu ya 4G ina baa zote. Nikichomeka kompyuta kwa waya, mambo safi. Kwa Wi-Fi jioni ni kukwama tu. (Msomaji, Bamburi)*

Umeshafanya kipimo cha maana kuliko vyote: upande wa mnara ni mzima. Fungua ukurasa wa ruta uangalie bendi ya 4G, yaani fungu la masafa inalotumia, mchana na jioni, maana mnara ukijaa unaweza kukuhamishia bendi nyingine. Ukiona bendi 40, hiyo inaishia megahezi 2400, mlangoni kabisa pa Wi-Fi: tumia chaneli 11. Ukiona bendi 7, kifaa chako kinatuma kuanzia megahezi 2500, juu kidogo ya masafa ya Wi-Fi: tumia chaneli 1. Upana wa chaneli ya Wi-Fi uwe megahezi 20, si 40. Ruta ikiwa na Wi-Fi ya gigahezi 5, hamia huko uachane na vurugu zote, za majirani pia.

Na kama umechomeka diski kwenye tundu la buluu la USB 3.0, ichomoe ujaribu tena. Nyaya zake humwaga kelele papo hapo kwenye gigahezi 2.4, masafa ya Wi-Fi.

Mbona simu haziumwi?

*Simu ina 4G, Wi-Fi na Bluetooth kwenye kasha moja dogo. Mbona hizo hazigombani? (Mwanafunzi wa uhandisi, Tudor)*

Zinaumwa, zina dawa tu. Redio ya 4G hutuma hadi miliwati 200. Tuseme kwa kuwa antena zimebanana, nguvu hiyo inapungua kwa desibeli 15 tu kabla ya kufika kwa jirani: Wi-Fi inapokea miliwati 6 za kelele, huku ikitega sikio kwa ishara ya sehemu moja ya milioni kumi ya miliwati. Kichujio hukata nyingi, lakini bendi 40 na Wi-Fi zimekaribiana mno, hakina nafasi ya kukata moja bila kugusa nyingine. Basi chipu za redio hizo hupeana zamu: moja inaomba, inataja uzito wa ombi lake, nyingine inaruhusu. Bluetooth nayo, tangu toleo la 1.2 la 2003, huruka chaneli zilizochafuka, mradi zibaki angalau 20. Yote yakishindikana, viwango vya 3GPP, muungano unaoandika kanuni za mitandao ya simu, tangu Toleo la 11 vinairuhusu simu kuuambia mnara kwamba redio zake zinagombana, na mnara huweza kuihamishia masafa mengine au kuipangia vipindi vya kunyamaza. Modemu ya bei rahisi unayonunua peke yake haijui kabisa kama kuna Wi-Fi kando yake; hiyo zamu utaiandika wewe kwenye programu.